Chambo cha Nyuki

Mzinga mtupu unajulikana kwa mbali. Mlangoni hapana mlinzi, buibui ametandaza utando wake kwenye tundu, na mjusi anaota jua juu ya kifuniko bila wasiwasi wowote. Kusini mwa Tabora, ukielekea Sikonge, mizinga ya namna hiyo si haba: ya mbao zilizopigwa randa vizuri, imepakwa rangi ya mafuta, ina namba ubavuni na wakati mwingine jina la mradi ulioileta. Walioileta walipiga picha, wakaaga. Nyuki hawakuarifiwa.

Mita chache kutoka hapo, juu ya tawi la mti wa mtundu, gogo kuukuu lenye nyufa linavuma mchana kutwa. Mgeni atasema mwenye gogo ana bahati. Wanyamwezi waliokulia porini hawalisemi neno hilo kirahisi, kwa sababu wanajua gogo lile lilitiwa chambo kabla halijapandishwa.

Nimewahi kukaa na mzee mmoja wa upande huo akiandaa mizinga yake mwishoni mwa kiangazi, majani mapya ya miombo yakiwa bado mekundu. Baada ya salamu ya mwangaluka na habari za watoto, kazi ilianza kwa pua. Aliinama, akaingiza uso wake wote kwenye mdomo wa gogo, akavuta hewa taratibu, akatoka akitikisa kichwa. Panya walikuwa wamelala humo. Akasokota nyasi kavu, akaziwasha, akazipitisha ndani huku akiligeuza gogo ili moto ulambe kila upande bila kuunguza. Mjukuu wake alikuwa tayari na nta mkononi, ana haraka. Mzee akamzuia: moshi ukiwa bado mbichi, nyuki watadhani pori linaungua. Gogo likawekwa kivulini hadi kesho yake. Isitoshe, kijana aliamriwa kwenda mtoni kuosha mafuta ya nywele aliyojipaka asubuhi, akaenda akinung'unika.

Chambo chenyewe ukikitazama hakikushtui. Kulikuwa na bonge la masega ya zamani, yale meusi yaliyolea watoto wa nyuki misimu kadhaa, limeyeyushwa kwenye sufuria ya maji na kuchujwa kwa kitambaa. Pembeni kulikuwa na gundi ya nyuki, iliyokwanguliwa kwenye kifuniko cha mzinga wa mwaka uliopita na kuhifadhiwa ndani ya kibuyu. Ikiwa baridi ni ngumu na inavunjika. Mzee aliifinyanga viganjani mpaka ikalegea na kutoa harufu yake, nzito, yenye utomvu na ukali kidogo, harufu ambayo hukaa mkononi hata ukila ugali. Akapaka nta darini mwa gogo, mstari mmoja mwembamba kutoka mbele hadi nyuma, pale ambapo sega la kwanza litaning'inia. Gundi akaizungushia tundu la kuingilia. Kisha akaacha.

Huko kuacha ndiko ninakokusifu kuliko kupaka. Anayeanza hudhani nta ikiwa nyingi nyuki watakuja upesi. Lakini harufu haina siri: inayomwita nyuki inamwita pia nondo wa nta, ambaye hutaga mayai yake humo, na viwavi wake wakatafuna masega na kuacha utando na vumbi. Nta iliyodondokea sakafuni huleta sisimizi. Mzee alikuwa akipima kwa kidole gumba, na kila alipomaliza alinusa tena. Hakuwa na kipimo kingine, na sidhani kama alikihitaji.

Wataalamu wa maabara wamefika mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1883 mwanazuolojia wa Urusi, Nikolai Nasonov, alieleza tezi iliyo karibu na ncha ya tumbo la nyuki mfanyakazi. Kundi linapohama, nyuki waliotangulia husimama mlangoni mwa makao mapya, wakainua matako juu na kupepea mbawa ili harufu ya tezi hiyo iwafikie wenzao walio angani. Baadaye ilibainika kwamba harufu hiyo ina sitrali na geranioli, na sitrali ndiyo hasa inayoupa mchaichai harufu yake. Ndiyo maana anayesugua mchaichai ndani ya mzinga hakosei, hata kama hajawahi kumsikia Nasonov. Thomas Seeley wa Marekani naye ametumia miaka mingi akichunguza jinsi nyuki wapelelezi wanavyokagua tundu, wakitembea ukutani ndani ya giza kana kwamba wanapima chumba cha kupanga, kisha wakarudi kundini kucheza ngoma ya kueleza walichokiona. Nafurahi kuyajua hayo. Ila yamenifanya nimheshimu mzee zaidi, maana yeye alikuwa anaandaa chumba kwa ajili ya mkaguzi ambaye hajawahi kuonana naye ana kwa ana.

Hapa ndipo mizinga ya rangi inapokosea njia. Mzinga wa fremu alioupatia hataza Lorenzo Langstroth, mchungaji wa kanisa huko Marekani, mwaka 1852, ni kifaa cha akili sana, na asali yake hutoka safi. Lakini kwa wengi wanaoutumia huko ulikotoka, nyuki hununuliwa, wakamiminwa ndani. Mwenye mzinga hana haja ya kumbembeleza mtu. Nyuki wetu wa miombo ni wahamaji. Wanafuata maua na mvua, wakichukizwa wanaondoka wote na kukuachia masega. Huwanunui, unawaalika. Sasa mtu anachukua sanduku lililotengenezwa kwa ajili ya nyuki wa kununuliwa, analitundika porini likinuka rangi na mbao mbichi, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba wanakijiji hawana mwamko.

Sitetei kila cha zamani. Mzinga wa magome huua mti. Mtu anayemvua mtundu mzima nguo kwa ajili ya mzinga wa misimu michache ana deni na msitu. Na asali iliyorinwa kwa moto mkali usiku, masega yakachanganyika na majivu, haifai kusifiwa. Tuna Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki tangu 1998 na sheria yake tangu 2002, na Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliwahimiza watu wafuge nyuki hadi wengine wakamtania. Yote hayo ni mema. Nasikitika tu kwamba kwenye semina nilizohudhuria tulifundishwa vifungashio, lebo na kutunza daftari la mauzo, na suala la harufu likapita kwa sentensi moja kabla ya chai.

Nta ya nchi hii ina historia ya kuthaminiwa. Enzi za Wajerumani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kwenda Ulaya, na Unyamwezi ilichangia sehemu yake. Wakati huo bado kila nyumba ya mrina asali ilibakiza bonge kwa ajili ya msimu ujao, kama mkulima anavyobakiza mbegu. Bonge lile jeusi, lenye harufu ya nyuki wa miaka mingi, lilikuwa halipelekwi sokoni.

Sasa linapelekwa. Mnunuzi anakuja na mizani, anachukua nta yote mpaka mabaki ya sufuria, na mwenye nyumba ana ada za shule za kulipa, siwezi kumlaumu. Tumbaku nayo inakula msitu kwa ajili ya kuni za kukaushia majani, kwa hiyo kila mwaka mwendo wa kwenda kwenye mizinga unarefuka, na vijana wanaona bora pikipiki ya kubeba abiria. Yule mjukuu aliyetumwa mtoni yuko Dar es Salaam. Vibuyu vya gundi vinakauka juu ya dari, na wenye navyo wakifariki watoto huvitupa pamoja na takataka nyingine za jikoni, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kilichomo ni nini. Msimu ukifika, anayetaka kutundika mzinga hununua kipande cha nta dukani, cheupe, hakina harufu yoyote, na mara nyingine kimechanganywa na parafini. Binadamu hawaoni tofauti. Nyuki mpelelezi anaingia, anatembea ukutani mara moja, anatoka, na harudi.