Kurudia Kwema na Kurudia Kubaya

Marudio si aibu katika kila kazi. Mwanamke wa Kitui au Makueni asukaye kiondo hurudia msuko ule ule tangu kitako mpaka ukingo, na nguvu ya chombo chake imo katika marudio hayo. Mshairi naye hurudia kibwagizo mwishoni mwa kila ubeti, wala hatumlaumu, maana kila ubeti hukiongezea kibwagizo maana. Lakini, msomaji, iko kazi moja ya uandishi ambamo marudio aghalabu ni maradhi, nayo ni utungaji wa programu za tovuti. Programu ni maandishi. Ina wasomaji wawili: mashine, ambayo hutii bila kuuliza, na mtu atakayepewa kuitengeneza kesho. Kwa hiyo yastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine.

Natutwae mfano wa kubuni, uliojengwa juu ya sheria ya kweli. Tuseme lipo duka la vifaa vya ujenzi mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, lililosajiliwa kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo nchini Kenya kilikuwa asilimia 16. Mtungaji akaandika ukurasa wa mauzo, na ndani yake agizo hili: twaa bei, izidishe kwa 16, igawanye kwa 100, kisha jumlisha na bei ya kwanza. Duka lilipofungua tawi mjini Kitui, alinakili ukurasa mzima akabadili jina la mji tu. Akafanya vivyo hivyo kwa kurasa za ankara, za stakabadhi na za bidhaa zilizorejeshwa. Hesabu zote zilikuwa sahihi. Mwenye duka akaridhika, na mtungaji akapokea ujira wake.

Basi tunalaumu nini? Tunalaumu kwamba sheria moja imewekwa mahali pengi, na hapana mahali pamoja paliposemwa kuwa 16 hii ni kodi. Kasoro ya namna hii haionekani siku ya kuzaliwa kwake, bali siku mambo yanapobadilika.

Na mambo yalibadilika. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa maradhi ya Korona, Serikali ilishusha kiwango hicho kutoka asilimia 16 hadi 14. Mtungaji wetu akarekebisha kurasa za Wote, akazisahau za Kitui. Tangu siku hiyo bati ambalo bei yake kabla ya kodi ni shilingi 1,000 likauzwa 1,140 mjini Wote na 1,160 mjini Kitui. Mjane anayeezeka nyumba kwa mabati 30 atatozwa shilingi 600 zaidi, wala hatajua, kwa kuwa ankara na stakabadhi yake zinakubaliana katika kosa moja. Nakala zikikosea pamoja hushuhudiana.

Yamkini utasema: mashine inaweza kutafuta kila 16 na kuiandika 14 kwa mara moja. Naam, yaweza. Lakini duka hili huuza pia nondo za milimita 16. Baada ya tiba hiyo ya haraka, orodha itaonyesha nondo za milimita 14, na fundi atakayeagiza vyuma vya nguzo kwa kuitegemea atapotezwa. Tarakimu zilikuwa sawa, bali maana zake zilikuwa mbalimbali.

Waandishi wawili, Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1999 kiitwacho The Pragmatic Programmer, walifundisha kwamba kila jambo linalojulikana na programu liwe na makao mamoja tu. Kwa duka letu maana yake ni hii: kiwango cha kodi kiandikwe mara moja, kipewe jina, na kila ukurasa ukiulizie pale. Angalifanya hivyo, mtungaji angalibadili mstari mmoja mwezi wa Aprili 2020, na mstari ule ule tarehe 1 Januari 2021, kodi iliporudi kuwa asilimia 16.

Wala kodi si jambo pekee. Kwa miaka mingi namba za simu za mkononi nchini Kenya zilianza kwa 07. Mwaka 2019 zikaongezwa zinazoanza kwa 01. Programu iliyorudia sharti la 07 katika kila ukurasa, kisha ikatengenezwa nusu, ingeweza kumpokea mtu wa Mwingi au Kibwezi mlangoni na kumkataa wakati wa kulipa.

Hata hivyo, mhakiki awe na haki. Mtungaji anayenakili mara nyingi husukumwa na muda mfupi na ujira mdogo. Tena wako wanaokimbia marudio hata wakaunganisha visivyo na udugu. Mtu atakayeifunga kodi na nondo kwa jina moja kwa kuwa zote ni 16, amekosa sawa na yule aliyenakili. Kipimo cha haki si kufanana kwa sura, bali ni sababu ya kubadilika. Vinavyobadilika kwa sababu moja vikae pamoja. Vyenye sababu mbalimbali vitengwe, hata vikifanana kama pacha.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayenakili leo huona wepesi, maana atakayeubeba uzito ni mwingine: mrekebishaji atakayekuja baadaye, na mnunuzi wa mabati asiyejua kusoma programu. Nawe, msomaji, ukipata kutunga programu, kabla ya kunakili jiulize: siku sheria hii itakapobadilika, itanipasa kubadili mahali pangapi?