Nani Ameshika Maji? Namna ya Kupima Filamu za Mapigano za Dunia Iliyovunjika

Mad Max ya kwanza ilitoka mwaka 1979, kazi ya George Miller, daktari wa Australia aliyeacha hospitali akashika kamera. Mwaka 2024 Miller huyohuyo alitoa Furiosa, na watu wakarudi kuangalia jangwa lilelile, magari yaleyale yaliyoungwaungwa, na ugomvi uleule wa kugombania petroli. Katika miaka hiyo 45 filamu za kauboi zimepungua na za majasusi wa Vita Baridi zimechakaa, lakini za dunia iliyovunjika bado zina wenyewe: RoboCop ya 1987, The Matrix ya 1999, Children of Men ya 2006, District 9 ya 2009, Snowpiercer ya 2013. Wengi hueleza jambo hili kwa neno moja, hofu. Kwamba tunaziangalia kwa sababu tunaiogopa kesho. Maelezo hayo hayanitoshi. Hofu hubadilika kila kizazi. Mtu wa 1979 aliogopa mafuta kukatika, wa 1984 aliogopa bomu la nyuklia, wa leo anaogopa ukame na mashine zinazofikiri; hata hivyo filamu ya hofu ya jana bado inamshika asiyeijua hofu hiyo. Kinachodumu ni kwamba filamu hizi huuvua utawala mavazi yake. Katiba, bendera, hotuba, vyote vimekwisha kuungua kabla hadithi haijaanza, na kilichobaki ni vitu vinavyoshikika: bomba la maji, pipa la petroli, lango la barabara, sanduku la risasi. Anayevishika anatawala, na sisi tunaona jinsi anavyotawala. Kwa hiyo anayetaka kuchambua nzuri na mbaya aanze kuitazama ghala, bunduki ije baadaye.

Kwa kipimo hicho, mtazamaji wa Masisi, katika Kivu Kaskazini ya Kongo, ni hakimu mwenye sifa kuliko wahakiki wengi wa miji mikubwa. Barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Kitshanga, ikipita Kirolirwe katikati ya malisho ya ng'ombe, imebadilisha wenye bunduki mara nyingi. Upande huo ulikuwa chini ya waasi wa CNDP ya Laurent Nkunda kabla hajakamatwa Januari 2009, na mwanzoni mwa 2023 waasi wa M23 walifika Kitshanga. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ilichora ramani ya bariere, yaani vizuizi vya barabarani, za Kivu zote mbili ikahesabu 798. Mtu aliyepita na gunia la maharagwe kwenye bariere kama hizo, akalipa, akapewa jeton ya kuonyesha mbele kuwa amelipa, anajua jambo ambalo waandishi wengi wa filamu hawalijui: mwenye silaha mwenye akili hapigi risasi kila saa. Risasi ni ghali, na barabara iliyokufa haina ushuru. Vitisho vyake vina hesabu.

Chukua hekima hiyo uende nayo kwenye Mad Max: Fury Road ya 2015. Kuna ngome tatu: moja ina maji, ya pili ina petroli, ya tatu inatengeneza risasi. Hakuna anayeweza kuishi bila wenzake, na lori la dereva Furiosa linaondoka kama safari ya kawaida ya biashara kati yao. Hatuelezwi haya kwa hotuba. Tunayapata kwa kuona nini kinapakiwa na nani anapungiwa mkono. Kisha lori linafika kwenye korongo linaloshikwa na waendesha pikipiki. Furiosa amekwisha kupatana nao: petroli, galoni 3,000, na wao waangushe mawe nyuma yake. Hiyo ni bariere, yenye bei, makubaliano, na hasira inayozuka pale mpita njia anapoleta wafuatiaji wengi kuliko aliowataja. Pigano linalofuata lina uzito kwa sababu tunajua deni lilikuwa kiasi gani na nani amevunja mkataba. Humo ndani ya lori kuna pia maziwa, maziwa ya wanawake waliofungiwa na kukamuliwa kama mali ya bwana mkubwa wa ngome ya maji, na katika nchi ya maziwa kama Masisi sehemu hiyo haihitaji ufafanuzi. Filamu dhaifu huutupa uchumi huu wote. Dunia imekauka lakini magari hayaishi mafuta. Watu wanakufa njaa lakini kila mmoja ana mikanda mitatu ya risasi, na hakuna anayeokota maganda. Ukiona hivyo katika robo saa ya kwanza, ujue uharibifu ni pazia la nyuma tu, na mapigano yatakuwa ya kupitisha muda.

Ushahidi mzuri zaidi wa kanuni hii uko kwenye mwisho wa Mad Max 2 ya 1981. Filamu nzima ni kuzingirwa kwa kisima cha mafuta, na msako wa mwisho ni wa lori la tangi ambalo kila mtu anadhani limebeba mali. Linapopinduka, linamwaga mchanga. Petroli ilikuwa imefichwa kwenye mapipa, ndani ya basi lililokwenda njia nyingine. Dakika zote zile za vyuma na moto zilikuwa hila ya kibiashara, na mtazamaji anaposhtuka anaanza kuhesabu upya kila alichokiona. Miaka 29 baadaye Djo Munga alitengeneza Viva Riva! mjini Kinshasa, katika jiji ambalo petroli imeadimika na kijana mmoja amerudi kutoka Angola na shehena ya wizi. Hakuna jangwa wala vinyago, na duka la filamu lingeiweka kwenye rafu ya majambazi. Kwangu mimi ni ya ukoo mmoja na ile ya Miller, kwa sababu ndani yake polisi, kanisa na mapenzi vyote vinazunguka kitu kimoja kilichopungua. Filamu hiyo ilibeba tuzo sita za AMAA (Africa Movie Academy Awards) mwaka 2011, na ilistahili.

Baada ya ghala, tazama vitu vilivyotengenezwa. Hapa namkabidhi mtu wa Kivu kipimo chake mwenyewe, chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Ni mbao zilizochongwa kwa panga na tezo, magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na breki ni kipande cha tairi kinachobanwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kila sehemu ina sababu yake. Mpira uko pale kwa sababu mti mtupu ungepasuka kwenye mawe ya volkano. Fremu ni ndefu kwa sababu inabeba mamia ya kilo za viazi na makaa kushuka mlimani. Goma iliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, na haikukosea. Sasa liulize gari la filamu maswali hayohayo: kipande hiki kilitoka wapi, nani alikiunga, kikivunjika atatumia nini? Katika Fury Road, iliyopigwa katika jangwa la Namibia, magari yanajibu, na tuzo ya Oscar ya usanifu ilikuwa mojawapo ya sita ilizozipata. Kwenye filamu za kuiga, kutu imepakwa kwa brashi na nguo zimechanika palipo na urembo, magotini na mabegani, kamwe si pale zinapochakaa kweli. Bong Joon-ho katika Snowpiercer alilipeleka swali hili mahali pa kutisha. Treni inayozunguka dunia iliyoganda haisimami, lakini kipuri fulani cha injini kimekwisha na hakitengenezwi tena; chini ya sakafu amewekwa mtoto mdogo, afanye kwa mikono yake kazi ya kipuri kile. Nani mwenye kujua migodi ya koltani ya Rubaya au ya kasiteriti kule Walikale atakayeona sehemu hiyo kuwa ndoto ya mbali?

Mapigano yenyewe yapimwe kwa kueleweka. Margaret Sixel, aliyehariri Fury Road, alipewa picha za saa zipatazo 480 akazifanya kuwa saa mbili zenye vipande karibu 2,700. Kasi hiyo ingemtia mtu kizunguzungu, ila Miller na mpigapicha wake John Seale walikiweka kitu cha kutazamwa katikati ya fremu, picha baada ya picha, ili jicho lisipoteze muda kutafuta. Afrika Mashariki ina chujio la zamani la sifa hiyo: wasimuliaji. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi wamewasimulia watazamaji wa Kiswahili filamu za lugha wasizozijua, wakizungumza juu ya sauti asilia, wakimtaja stelingi, yaani mhusika mkuu, wakitania maadui. Filamu ambayo maneno yake yamefunikwa hivyo na bado ukajua nani yuko wapi, anataka nini na amebakiwa na muda gani, mapigano yake yamepangwa na fundi. Ile inayotikisa kamera ili kuficha kwamba hakuna aliyefikiria, msimuliaji atahangaika kuijazia. Lakini njia ya Sixel si ya pekee. Alfonso Cuarón katika Children of Men alifanya kinyume chake, akaacha kamera itembee bila kukata. Uvamizi wa gari msituni unaonekana wote kutoka ndani ya gari, na mtazamaji hana pa kukimbilia kama abiria wasivyokuwa napo. Theo, stelingi wake, hafyatui risasi hata moja filamu nzima, na sehemu ya safari anaikimbia kwa kandambili. Mkimbizi yeyote anajua viatu ni nusu ya safari. Wakurugenzi wachache sana wanakumbuka.

Watu wenye busara wana pingamizi lao kwa haya yote. Watasema: kwa waliolala kambini, waliopoteza jamaa, filamu hizi ni anasa ya wanaoishi salama, na kumwomba mtu wa Masisi azipime ni kumrudisha alikotoroka. Pingamizi hili lina uzito, na hakuna anayedaiwa kuangalia. Lakini linachukulia kwamba aliyeteseka anataka kutazama vitu laini tu, na vijana wa Kivu wanaojazana mbele ya filamu za vita hawaonyeshi hivyo. Nadhani sababu ni hii. Mwenye kukimbia vita huona kipande: mlio wa risasi, mzigo kichwani, bariere. Haoni daftari la hesabu, wala anayepokea mali mwisho wa barabara. Filamu nzuri inampa picha nzima, kutoka bomba hadi kiti cha bwana mkubwa, na inampa pia nafasi ya kuona mnyororo ule ukikatika. Filamu mbaya inampa mateso bila mnyororo, na hiyo kweli ni bora izimwe.

Wengine wanalaumu kwamba humo mbabe hutukuzwa, na watoto huiga. Tena ni kweli kwa baadhi, na hapo ndipo mchujo unapohitajika zaidi. Fury Road inatuonyesha Immortan Joe, yule bwana wa ngome ya maji, akivalishwa kabla hatujamwona akitawala: mwili wenye vidonda unapakwa poda, unafunikwa kwa deraya ya plastiki iliyopambwa medali, na kinyago kinachomsaidia kupumua kinageuzwa uso wa kutisha. Umati unaona mungu. Sisi tumekwisha kuona mgonjwa. Vijana wake wanaahidiwa pepo ya mashujaa ili wafe kwa furaha, lakini mmoja wao, Nux, anapewa jina, aibu, na muda wa kubadili upande. Filamu ambayo askari mtoto ana jina na mbabe ana mwili haitukuzi vita. Ile ambayo vijana hudondoka kama vikapu na mkubwa hupigwa picha kutoka chini daima, mzazi ana haki ya kuitilia shaka.

Lawama nzito kuliko zote ni kwamba aina hii imejengwa juu ya mgongo wetu: kwamba wageni huchukua vibanda vyetu, foleni zetu za maji, na wenye bunduki wetu, wakaviita mwisho wa dunia, kana kwamba hakuna anayepika ugali humo. District 9 ya Neill Blomkamp ilipigwa Chiawelo, Soweto, ndani ya vibanda halisi vilivyokuwa vikihamwa, na ukali wake dhidi ya ubaguzi haukuizuia kuwachora Wanigeria kama majambazi walaji watu, hata serikali ya Nigeria ikataka isionyeshwe nchini mwake. Sitaitetea katika hilo. Uzuri wa ufundi hauoshi doa, na mpimaji mwadilifu anaandika yote mawili. Dawa ninayoiona ni filamu zaidi kutoka kwetu. Wanuri Kahiu wa Kenya alionyesha mwaka 2009, katika Pumzi ya dakika zipatazo 21, dunia baada ya vita vya maji ambamo jasho la mtu linachujwa anywe tena, na stelingi wake Asha anatoka nje ya kuta kwa ajili ya mbegu moja. Neptune Frost ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda, inaanza kwa kifo cha mchimba koltani na kumfanya nduguye kiini cha uasi. Mapigano ndani yake ni machache, wala haikusudii kushindana na Miller, lakini hesabu ya nani anachimba na nani anashika simu iko wazi kuliko katika kazi nyingi za mamilioni.

Fedha si kisingizio. Mad Max ya kwanza ilitengenezwa kwa bajeti ndogo sana, na Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vifaa vya kujiundia. Goma ina Yole!Africa, kituo cha Petna Ndaliko Katondolo, kinachofundisha vijana kamera na uhariri. Fikiria msako wa chukudu kutoka mlimani hadi Sake, mzigo ukiwa mzito, mpira wa breki ukianza kushika moshi, na mbele bariere mbili zenye wakubwa tofauti na jeton moja tu mfukoni: humo kuna ghala, kuna ufundi, kuna bei, na jicho linajua pa kutazama. Mkurugenzi atakayeitengeneza ahakikishe tu kwamba tunajua kuna kilo ngapi juu ya mbao zile, ni za nani, na nani anazingoja zifike.