Nani Alimtuma Kufunga Bendi?

AT+QCFG="band",0,80000,0,1. Tangu Jumamosi mstari huu haujanitoka kichwani. Mliokuwepo kwenye mafunzo mliuona ukutani kwa herufi kubwa, mkaona OK, mkaona ruta ikipotea kama dakika hivi kisha ikarudi, mkapiga makofi. Mimi sikupiga. Jirani yangu akaniuliza nimekasirikia nini, nikamwambia asubiri.

Hakusubiri sana. Jumanne jioni kituo cha kupima kina cha maji chenye ruta ile kilinyamaza.

Nimpe haki yake kwanza. Kijana aliyeandika mstari ule ana mkono mzuri: alisoma QENG kabla ya kugusa chochote, APN aliipatia mara ya kwanza, na ttyUSB2 hakuitafuta kwa kupapasa. Haya, tuendelee.

Laptopu ilikuwa Dar es Salaam, modemu ya EC25-E ilikuwa porini, na SSH iliyoviunganisha ilipita kwenye modemu ileile iliyokuwa ikibadilishwa. Kila aliyekuwepo alijua fundi amekalia tawi gani. Dakika chache kabla, alikuwa ameweka nwscanmode kuwa 3, yaani LTE tu. 2G na 3G, ambazo ndizo mlango wa uani wa kituo cha mbali, zikapigwa komeo. Hapo tayari nilikuwa nimekunja uso. Kisha, kwa mstari ule, akaigeukia LTE yenyewe na kuibakizia bendi moja. Modemu iliyotoka kiwandani na 1A0000800D5, yaani bendi tisa, ikaachwa na tundu moja la kupumulia.

Na tundu hilo halikuwa la muda. Modemu huyaandika mambo haya kwenye kumbukumbu yake ya kudumu, kwa hiyo kuzima na kuwasha hakusaidii kitu. Jumanne wenye mnara walipozima 800 MHz kwa matengenezo, 1800 ya mnara uleule ilikuwa hewani muda wote, inaita. Programu ya ulinzi kwenye ruta iliona intaneti imekatika, ikaiwasha modemu upya, ikaona bado, ikaiwasha tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Kila ilipoamka, modemu ilikumbuka bendi 20 peke yake.

Kwa nini 20? Kwa sababu ya vijiti! Aliipima kila bendi kwa zamu, akapata RSRP ya -88 kwenye 20 na -101 kwenye 3, akatangaza mshindi. Lakini safu ya SINR ilikuwa palepale pembeni, nanyi mliiona: 2 dB kwenye bendi 20, 14 dB kwenye bendi 3. Mawimbi ya 800 yanasifiwa kwa kwenda mbali, na kwenda mbali huko ndiko kunakoleta shida, maana pale yanafika ya minara kadhaa kwa pamoja, kila mmoja ukimzomea mwenzake. Modemu ilikuwa inasikia sauti kubwa isiyoeleweka. Bendi 3 ilikuwa inanong'ona, lakini neno kwa neno.

Nimeshaandika sana kuhusu ugonjwa huu wa vijiti, na wengine mmenichoka. CSQ mnayoipenda ni namba kutoka 0 hadi 31. Zidisha kwa 2, toa 113, unapata dBm za kila kilichoingia kwenye antena, mnara wako, mnara wa jirani na kelele, vyote kapu moja. Mtu anaona 25 anashangilia. Hajui anamshangilia nani.

Namba yenyewe, 80000 kwa bendi 20, aliipatia, nakiri. Wako mafundi wanaoandika 20 wakidhani wameomba bendi 20, kumbe ni heksadesimali na kila biti ni bendi, hivyo 20 ni bendi 6. Ndiyo maana napendelea mmcli kwa wasiozoea: pale unaandika eutran-3 au eutran-20 kwa jina, na macho yanakamata kosa.

Sasa nimtaje mzee wetu wa Tanga, aliyenifundisha kazi hii enzi za GSM na minicom, wakati data ilikwenda kwa biti 9,600 kwa sekunde na hakuna aliyelalamika. Mzee hakugusa redio ya mbali kabla ya kuandika njia ya kurudi. Aliandika mstari wa sleep 300 ukifuatiwa na amri ya kurejesha hali ya zamani, akauachia uendelee nyuma ya pazia, ndipo akabadilisha. Akifanikiwa kuingia tena, anaufuta. Akishindwa, anakunywa chai dakika tano na kituo kinajirudisha chenyewe. Waliokulia kwenye ruta za Cisco walikuwa na reload in 10 yao, wa Juniper wana commit confirmed. Ni adabu ileile. Jumamosi sikuiona, na mkufunzi aliyesimama pembeni hakuuliza.

Mtasema njia ya mzee ingefutwa Jumamosi jioni, maana kituo kilirudi, na Jumanne ingekuta hakuna kitu. Kweli. Ndiyo maana kosa la kwanza ni kufunga kwenyewe. Kama ilikuwa lazima kufunga, angeandika 80004, bendi 3 na 20 pamoja, na nwscanmode angeiacha 0, modemu ijichagulie. Na kabla ya yote hayo angemwomba mtu wa kituo apande aangalie kiungo cha antena, maana mimi bado naamini nusu ya 'mipangilio ya redio' tunayohangaika nayo ni kutu kwenye skrubu.

Jumatano mchana kijana mwingine alifika kituoni kwa bodaboda, akachomeka kebo ya USB, akaandika AT+QCFG="band",0,1A0000800D5,0,1. Kituo kikarudi hewani kabla hajavua kofia. Rekodi ya kina cha maji ina pengo la saa 18, na huu ni msimu wa masika.