Mafundi wa Nyarugusu

Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walimiminika Kigoma, Tanzania, na kambi ya Nyarugusu, iliyokuwa ikiwahifadhi Wakongo tangu 1996, ikafurika. Kipindupindu kilikuwa kimeshawakumba huko Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Katika dharura kama hiyo, wapiga picha hupenda malori ya unga wa msaada. Fundi anayepima mteremko wa mtaro hawana habari naye.

Huyo ndiye ninayempongeza. Choo anakiweka angalau mita 30 kutoka kisimani, tena baada ya kuangalia maji ya ardhini yanaelekea wapi. Kiwango cha chini cha kimataifa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, koki moja kwa watu 250; pampu ikigoma alfajiri, hesabu hiyo inamwangukia yeye na spana yake. Klorini nayo ina ubishi: ikipungua, vijidudu vinabaki, ikizidi, watu wanaikataa harufu na kurudi mtoni. Hata turubai lina elimu yake. Likilegea, mvua inatuama juu yake. Likikazwa mno, linachanika penye kamba. (Mimi ningelikaza mno.) Masika yakishika kasi, utamkuta na koleo, tope magotini, akizibua mtaro aliouzibua jana.