Nuru Ndani ya Marikebu Ndogo

Katika ufundi wote wa mikono niliopata kuujua, sijauona unaodai subira na idili kama huu wa kuunda mfano mdogo wa marikebu ya angani, marikebu ambayo haijapata kuundwa na dola yoyote wala kuonekana na mwanadamu ila katika hadithi za kubuni, na kisha kuitia taa hata mtazamaji akasahau kwamba mbele yake pana bati na karatasi tu. Wako wanaouhesabu kuwa mchezo wa watoto, na aghalabu husema hivyo kwa sababu wameiona marikebu mchana, ikiwa juu ya meza, ilhali kazi hii haihukumiwi mchana.

Nchi yetu ya Unyamwezi, huku Tanzania, si ngeni kwa habari ya chombo kinachopita nchi kavu kikiwa vipande vipande. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mabegani karibu kila kitu kilichoweza kufungwa mzigo. Kisha Wajerumani wakaleta reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na kwa reli hiyo zikapita sehemu za meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikaja kuunganishwa upya ufukoni mwa Ziwa Tanganyika na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo meli iliyokuja kuitwa Liemba. Aliyesimama stesheni ya Tabora akiyatazama makasha yale alihitaji imani kubwa kuiona meli ndani yake. Na imani hiyo hiyo ndiyo rasilimali ya kwanza ya fundi wa mifano, ambaye huokota kifuniko cha kopo akauona mdomo wa injini.

Hapa Ziba, katika nchi hiyo hiyo ya Unyamwezi, vifaa havikosekani kwa mwenye jicho. Watoto wamezoea kuunda magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa, na mafundi bati hukata makopo wakayafanya vibatari, wakiviringisha bati jembamba liwe mdomo wa utambi na kuufunga mshono kwa lehemu ili mafuta yasivuje. Mshono wa namna hiyo ndio ushikao kiwiliwili cha marikebu. Redio iliyokufa hutoa bodi yake ya saketi, ambayo ikikatwa vipande na kupakwa rangi moja ya kijivu hugeuka sitaha iliyojaa mitambo. Wala hii si hila ya ufukara, kwani hata waliounda vyombo vya filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, walichukua vipande vya vifaru na meli za plastiki za kuunganisha wakavibandika juu ya kazi yao.

Lakini roho ya kazi ni taa. Chombo kilichoko peke yake angani, pasipo mti wala mtu kando yake, jicho halina njia ya kukikadiria ila kwa dirisha. Fundi akichagua kipimo cha 1 kwa 500, marikebu ya mita 300 itakuwa na urefu wa sentimita 60, na dirisha la mita moja litakuwa tundu la milimita 2. Akilitoboa kwa msumari mnene, marikebu yote husinyaa papo hapo ikarudi kuwa kopo lenye matundu. Akilitoboa kwa ncha ya sindano, akalipanua taratibu mpaka kipimo chake, marikebu hukua mbele ya macho yake. Taa zifaazo ni zile ndogo za LED zitolewazo katika tochi na taa za sola zilizoharibika. Nyeupe huhitaji volti 3 hivi, kwa hiyo kwa betri ya volti 9 huna budi kuweka rezista ya omu 330 ili isiungue, na ukiigeuza pande haiwaki asilani. Zikishawaka, adui huwa nuru yenyewe, maana hupenya kila mshono na kuta za karatasi ngumu. Kwa sababu hiyo ndani hupakwa rangi nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake ili nuru ienee. Nyuma ya madirisha hubandikwa karatasi nyembamba, ili jicho lione mwanga lisiione taa. Na kila mshono huzibwa, ukajaribiwa gizani, ukazibwa tena. Wala si madirisha yote yapaswayo kuwaka. Chombo kilichowashwa kote hufanana na tangazo la duka, bali chenye vyumba vya giza humfanya mtu aamini kwamba humo ndani wako waliolala.

Mfano mashuhuri kuliko yote, Enterprise ya tamthilia ya Star Trek, una urefu wa mita 3 na zaidi. Uliundwa Marekani mwaka 1964, sehemu kubwa kwa mbao, nao sasa umo katika makumbusho ya anga ya Smithsonian huko Washington. Ulianza bila taa. Zilipotiwa, nyaya zilitolewa kwa ubavu wa kushoto, na ubavu huo ukaachwa bila mapambo, kwa kuwa kamera ilitazama wa kulia. Sioni aibu yoyote katika hilo. Naona mafundi waliojua mtazamaji wao atasimama wapi, wakaitia bidii yao yote hapo.

Hapa Ziba mtazamaji hasimami mahali pamoja. Marikebu ikiwashwa uani, watoto huizunguka, wengine huinama waitazame chini, na mdogo wao hutia jicho dirishani aone nani yumo. Kwa hiyo kwetu nyaya hazina ubavu wa kutokea: hupitishwa ndani ya mguu wa mninga unaoibeba, zikashuka hadi kwenye betri iliyofichwa kitakoni, na dirisha pana la chumba cha nahodha huachwa bila karatasi, na ndani yake husimamishwa mtu wa milimita 3 na nusu, aliyechongwa kwa njiti ya kiberiti.