"Kundi la Kufuzu": Istilahi Inayotangulia Matokeo

Miongoni mwa istilahi za michezo zilizoenea katika magazeti na redio, "kundi la kufuzu" inastahili kuchunguzwa. Hutumiwa kwa maana ya kundi la timu zinazoshindania nafasi ya kuingia katika mashindano makubwa. Tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo ina kasoro ya maana, na kwamba kasoro hiyo huleta madhara zaidi katika soka la wanawake. Habari za soka hilo huandikwa kwa uchache, na msomaji hana mazoea ya kumwezesha kusahihisha mwenyewe lile lililoandikwa vibaya.

Kisarufi istilahi haina kosa. Tunasema "chumba cha kulala" na "maji ya kunywa". Lakini muundo huohuo hutumika pia kueleza sifa ambayo kitu kinayo tayari, kama katika "mtu wa kuaminika". Nacho kitenzi "kufuzu", chenye asili ya Kiarabu, maana yake ni kufaulu. Mwanafunzi aliyefuzu ni yule ambaye matokeo yake yamekwisha kutoka. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kwamba timu imo katika "kundi la kufuzu", ana haki ya kuelewa kwamba timu hiyo imekwisha kufaulu, hali bado haijafaulu.

Mfano wa mwaka 2022 unatosha. Mwezi Agosti, Simba Queens ilishiriki mashindano ya ukanda wa CECAFA jijini Dar es Salaam. Ilianza katika kundi, ikafika fainali, ikaifunga She Corporates ya Uganda bao 1-0. Hapo ndipo ilipofuzu. Mwezi Oktoba ilikwenda Moroko kucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa Wanawake, ikapangwa tena katika kundi, pamoja na AS FAR ya Moroko, Green Buffaloes ya Zambia na Determine Girls ya Liberia. Makundi mawili, mwaka mmoja, timu moja. Ni lipi lililokuwa "kundi la kufuzu"? Mwandishi alikusudia la kwanza. Maana ya neno inaelekea la pili.

Tena si kila njia ya kufuzu ina kundi. Mwaka 2023 Twiga Stars iliitoa Ivory Coast kwa mikwaju ya penalti, kisha ikaitoa Togo kwa jumla ya mabao 3-2, ikiwa imeshinda 3-0 nyumbani na kufungwa 2-0 ugenini. Huo ni mtoano wa mikondo miwili. Kundi lilikuja baadaye, katika fainali zilizochezwa Moroko Julai 2025, ambako Tanzania ilipangwa na Afrika Kusini, Ghana na Mali. Huko Ulaya, kwa upande mwingine, timu za taifa za wanawake huanzia katika makundi. Mfasiri anayechukua maneno ya habari za Ulaya na kuyabandika juu ya habari za Afrika huunda kundi ambalo halikuwapo.

Neno lililo bora ni "mchujo". Tuchukue mfano wa Katoro, mji wa biashara katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako watu wa lugha mbalimbali huunganishwa na Kiswahili sokoni na machimboni. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha na kuosha mchanga kwenye mialo. Mtu wa kazi hiyo hahitaji kufundishwa kwamba mchanga ulioko mwaloni bado si dhahabu. Akisoma "kundi la mchujo" ataelewa mara moja kwamba kazi inaendelea, na kwamba wapo watakaobaki na wapo watakaoondoka. Kwa sababu iyo hiyo tunaonya juu ya "mchezo wa marudio". Machimboni, "marudio" ni mchanga uliokwisha kuoshwa. "Marudiano" ni bora, maana kiambishi cha kutendana kinaonyesha pande mbili zinazokutana tena.

Wapo watakaosema kwamba "mchujo" limekwisha kuchukuliwa na mechi za kupanda au kushuka daraja. Hoja hiyo si nzito. Dhana ni ileile ya kuchambua, na jina linalotangulia hutofautisha: "mechi ya mchujo" si "kundi la mchujo".

Kuhusu "fainali", lugha yenyewe imekwisha kutusaidia. "Fainali ya" ni mchezo mmoja wa mwisho. "Fainali za" ni mashindano mazima. Tofauti hiyo imo katika upatanisho peke yake, nayo hupotea pale mwandishi anapokuwa mzembe.

Tunapendekeza basi: "kundi la mchujo" kwa hatua ya kutafuta nafasi, "kundi la fainali" kwa hatua ya mashindano yenyewe, na "kufuzu" libaki kuwa jina la tokeo. Mwalimu anayewasomea wasichana habari hizi, na ofisa anayeandika barua ya kuomba nauli ya timu, wote wanahitaji kujua kama safari inaanza au imefika. Msichana aliyeambiwa amefuzu kabla ya kufuzu atadhani baadaye kwamba amenyang'anywa kitu, kumbe alipewa neno tu.