Dripu ya Chuma: Kazi Kubwa Iko Kabla ya Sindano

Chuma kikiingia mshipani kikiwa huru ni sumu. Siri ya dawa za leo ni ganda la sukari: chuma hufungwa ndani yake, mwili ukalivunja taratibu na kukichukua kidogo kidogo. Dekstrani ya miaka ya 1950 ilifungua njia, ila ganda lake lilizua mzio mkali kwa baadhi ya wagonjwa. Kaboksimaltosi, iliyoanza kutumika Ulaya 2007, imeshikamana vizuri kiasi kwamba miligramu 1,000 huweza kuingia kwa dakika 15.

Bagamoyo na Dar es Salaam, dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanawake 230 waliotoka kujifungua, wote wakiwa wamethibitishwa kupungukiwa chuma. Baada ya wiki sita, asilimia 80 ya waliotundikiwa dripu walikuwa na himoglobini ya kawaida; kwa waliomeza vidonge, 51. Malawi, wajawazito 862 walichaguliwa kwa himoglobini tu, na karibu na kujifungua tofauti ikawa haba: asilimia 52 bado walikuwa na upungufu wa damu, dhidi ya 57 wa vidonge. Kwangu mimi, kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ndicho nusu ya tiba. (Nacho hupanda mgonjwa akiwa na maambukizi, kikaficha upungufu.) Himoglobini peke yake haitoshi: mwenye selimundu anaweza kuwa na damu kidogo huku chuma kikiwa tele.

Dozi nayo haikisiwi. Kanuni ya Ganzoni: uzito, mara pengo la himoglobini, mara 2.4, jumlisha 500 za akiba. Mama wa kilo 60 mwenye himoglobini 8, akilengwa 15, anahitaji miligramu 1,508. Kwa kuwa kikomo cha wiki ni 1,000, atarudi tena.

Dripu ikianza, uso unaweza kuwaka, kifua kikabana, mgongo ukauma, bila presha kushuka wala pumzi kukoroma. Hapo hufungwa, husubiriwa, kisha huendelea polepole. Wengi hukimbilia sindano ya promethazini. Yenyewe hushusha presha na kuleta usingizi, na tatizo dogo likafanana na kubwa. Mzio wa kweli dawa yake ni adrenalini kwenye msuli wa paja, na iwe mkononi kabla ya kuanza. Mgonjwa hukaa nusu saa akitazamwa.

Mshipa nao hujaribiwa kwanza kwa maji ya chumvi: dawa ikivujia nje huacha doa la kahawia ambalo huenda lisitoke kamwe. Mgonjwa akisema panauma, dripu ifungwe palepale.